Gari Mlimani: Fizikia ya Njia za Vilima vya Bukoba na Muleba

Atazamaye ramani ya mkoa wa Kagera ataona kwamba nchi iliyo kati ya Ziwa Viktoria na bonde la mto Ngono haikuumbwa tambarare. Imepangwa kwa migongo mirefu ya vilima, mmoja nyuma ya mwingine, ielekeayo kaskazini na kusini sambamba na ufuko wa ziwa. Juu ya migongo hiyo ndiko kuliko na vijiji vingi vya Buhaya: migomba na mibuni ya vibanja, na kando yake nyanda za majani ziitwazo rweya. Kati ya mgongo na mgongo kuna mabonde ya matope na vinamasi. Kwa hiyo msafiri aendaye kutoka kaskazini kwenda kusini aweza kwenda mwendo mrefu juu ya mgongo mmoja bila taabu kubwa. Lakini akitaka kuliacha ziwa na kuelekea magharibi, hana budi kupanda, kushuka, kuvuka kinamasi, na kupanda tena.

Mvua nayo ina neno lake. Mji wa Bukoba hupata kiasi cha milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mwezi wa Aprili ndio unaozidi yote. Kadiri mtu aendavyo magharibi mvua hupungua, hata upande wa Karagwe ikawa milimita 1,000 au chini ya hapo. Maji haya mengi huangukia miteremko yenye mawe ya mchanga yaliyofunikwa na udongo, pengine mwembamba, pengine mzito wa kunata. Njia ile ile ambayo mwezi wa Julai ni ngumu kama sakafu, mwezi wa Aprili huwa kama sabuni.

Barabara kuu itokayo Mutukula, kupita Bukoba na Muleba na kuendelea kusini, sasa ina lami. Lakini watu hawakai juu ya lami. Mkulima wa kahawa, mwalimu wa shule ya msingi, na hasa mgonjwa apelekwaye hospitali ya Rubya au Ndolage, aghalabu huanza safari yake kwenye njia ya udongo ipandayo ukingo wa kilima. Katika nchi nyingine, hasa zile za jangwa, kuna watu wapandao milima kwa magari kwa ajili ya kujifurahisha, na gari likikwama wao hucheka na kupiga picha. Mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi usiku wa mvua, chini ya ukingo wa Kamachumu, hana nafasi ya kucheka. Kwake yeye kupanda au kutopanda kwa gari ni jambo la uhai, na jibu lake limo ndani ya sheria chache za fizikia ambazo mwanafunzi wa sekondari amekwisha kuzisoma darasani, ingawa pengine hakuambiwa kwamba zinahusu kilima cha kwao.

Na ichukuliwe gari lenye tungamo la kilogramu 2,000, yaani uzito wa nyutoni 20,000 ikiwa mchapuko wa graviti utahesabiwa kuwa 10. Limesimama juu ya mteremko wa nyuzi 14, ambao kila mita nne za mlalo hupanda mita moja. Mteremko wa namna hii si wa ajabu kwa vijia vya ukingoni. Uzito wa gari hujigawa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hulivuta gari kurudi chini sambamba na njia, nayo ni 20,000 mara sine ya nyuzi 14, takriban nyutoni 4,850. Sehemu ya pili huikandamiza njia kwa pembe mraba, nayo ni 20,000 mara kosine ya nyuzi 14, takriban nyutoni 19,400. Ili gari lipande, matairi hayana budi kupata kutoka ardhini msuguano uzidio nyutoni 4,850. Injini iwe na nguvu kiasi gani, haiwezi kuisukuma ardhi kwa kani ipitayo ile ambayo msuguano unaruhusu. Hili ndilo wengi wasilolikumbuka wanapolaumu injini.

Msuguano wa juu kabisa hupatikana kwa kuzidisha kani ya kukandamiza kwa kizigeu cha msuguano. Juu ya changarawe kavu kizigeu hicho chaweza kuwa kiasi cha 0.6, juu ya udongo uliolowa chaweza kushuka hata 0.3 au chini zaidi. Sasa gari la kawaida la mizigo husukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Likiwa linapanda, uzito huegemea nyuma, na hapa idhaniwe kwamba ekseli ya nyuma hubeba asilimia 60 ya kani ya kukandamiza, yaani nyutoni 11,640. Njia ikiwa kavu, msuguano wa magurudumu ya nyuma waweza kufika nyutoni 6,984, na gari litapanda bila shaka. Mvua ikinyesha, msuguano huo huo hushuka hata nyutoni 3,492. Hautoshi. Magurudumu yatazunguka mahali pamoja, moshi utatoka, na gari litaanza kurudi nyuma.

Gari ambalo magurudumu yake yote manne husukumwa na injini hutumia kani yote ya 19,400. Hata njia ikiwa imelowa, msuguano wake waweza kufika nyutoni 5,820, ambao wazidi 4,850. Gari litapanda. Hakuna uchawi wala chuma cha pekee. Tofauti yote ni kwamba uzito ulioegemea magurudumu ya mbele, ambao kwa gari la kwanza ulikuwa mzigo mtupu, kwa gari la pili umefanywa kuwa mtumishi. Lakini kizigeu kikishuka hata 0.2, gari hili nalo litashindwa, kwa kuwa 19,400 mara 0.2 ni 3,880 tu. Mwanafunzi akifanya hesabu kwa herufi badala ya tarakimu ataona kwamba kwa gari la magurudumu yote, tungamo hujifuta lenyewe, na sharti linalobaki ni moja: tanjenti ya pembe ya mteremko isizidi kizigeu cha msuguano. Tanjenti ya nyuzi 14 ni 0.25.

Magari ya namna hii yalianza kuenea duniani baada ya Vita Kuu ya Pili. Land Rover la kwanza lilionyeshwa Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, likiwa na mabati ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita. Kwa miaka mingi jina lake lilikuwa karibu sawa na neno gari la serikali katika wilaya za Tanzania, mpaka Toyota Land Cruiser la Wajapani lilipokuja kugawana nalo njia. Madereva wa zamani wanakumbuka virungu viwili vya Land Rover, cha manjano na chekundu, vilivyosimama karibu na kirungu cha gia. Cha manjano kiliunganisha ekseli ya mbele na injini. Chekundu kilibadili uwiano katika giaboksi ya pili, ili injini izunguke mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu. Katika gia namba moja, kirungu chekundu kikiwa kimevutwa, injini ilizunguka kiasi cha mara 40 ili gurudumu lizunguke mara moja. Injini ikienda mizunguko 2,000 kwa dakika, gurudumu hufanya mizunguko 50, na gari huenda kiasi cha kilometa saba kwa saa, mwendo wa mtu aendaye kwa haraka. Kilichopotea katika kasi kimerudi katika kani ya kuzungusha, sawasawa na wenzo mrefu.

Upole wa mwendo huo una faida ya pili, iliyo kubwa kuliko ya kwanza. Tairi lisilotelezea hushikana na ardhi kwa msuguano tuli. Likianza kuzunguka bure, msuguano wake huwa ule wa mwendo, ambao ni mdogo zaidi. Ndiyo maana dereva mwenye papara, akanyagaye mafuta kwa nguvu pale gari linapositasita, hujiharibia mwenyewe.

Kuna hila nyingine ndani ya gari ambayo humshangaza kila aionaye mara ya kwanza. Gurudumu moja likiwa ndani ya tope au limening'inia juu ya korongo, hilo huzunguka kwa kasi, na lile lililo juu ya ardhi ngumu husimama kimya. Mtu angetazamia kinyume. Sababu yake ni difu. Chombo hiki, ambacho mafundi wa kila gereji wanakijua, kimewekwa katikati ya ekseli ili gari likatapo kona gurudumu la nje liweze kwenda mwendo mrefu kuliko la ndani. Onésiphore Pecqueur wa Ufaransa alipata hataza yake mwaka 1827, kabla ya magari ya petroli kuwako. Difu hugawa kani ya kuzungusha kwa usawa, kulia na kushoto. Gurudumu la tope likiwa halihitaji kani yo yote ili lizunguke, basi na mwenzake hupewa kiasi kidogo hicho hicho, usawa ambao mlimani ni hasara. Kwenye vijia vilivyochimbwa na maji, gari huweza kuinua gurudumu la mbele kulia na la nyuma kushoto kwa wakati mmoja, mshazari, na hapo hata ekseli mbili zenye nguvu hazifai kitu. Baadhi ya magari yana kifungo cha kuifunga difu ili magurudumu yote mawili ya ekseli yazunguke pamoja. Asiye nacho hutafuta mawe.

Kifungo hicho kisitumiwe juu ya lami. Kadhalika ekseli ya mbele ya Land Rover la zamani haikupasa kuunganishwa kwenye barabara ngumu na kavu, kwa kuwa hapakuwa na difu kati ya mbele na nyuma: katika kona magurudumu ya mbele husafiri mbali kuliko ya nyuma, na tofauti hiyo, isipopata utelezi wa kuitorosha, hujikunja ndani ya vyuma mpaka kitu kikavunjika.

Mkoa huu ulipata kuona tatizo la matope kwa kiwango cha jeshi zima. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka juu ya mto Kagera likavunjwa kwa baruti. Ilikuwa majira ya mvua za vuli. Tanzania ilikusanya malori ya mashirika na ya watu binafsi ili kubeba askari na vifaa hadi kaskazini, na malori mengi ya aina hiyo, kama lile la hesabu ya hapo juu, husukumwa na ekseli ya nyuma peke yake. Vita vilipokwisha mwaka 1979, mkoa ulioitwa Ziwa Magharibi ulipewa jina la Kagera.

Yafaa kutenga tope na mchanga, maana wako wadhanio kwamba ajuaye moja ajua na la pili. Mwingereza Ralph Bagnold, askari wa uhandisi, alisafiri na wenzake katika jangwa la Libya miaka ya 1920 na 1930 kwa magari madogo ya Ford yasiyo na nguvu katika ekseli ya mbele. Walijifunza kupunguza upepo wa matairi kabla ya kuingia mchangani, na kubeba vipande virefu vya chuma vya kuweka chini ya magurudumu. Baadaye Bagnold alirudi Uingereza akajenga handaki la upepo, akapima jinsi punje za mchanga zirukavyo, na mwaka 1941 akatoa kitabu juu ya fizikia ya mchanga na machuguu ya jangwani ambacho wataalamu wangali wakikirejea. Ni mfano mzuri wa sayansi iliyoanza kwa gari kukwama.

Maana ya kupunguza upepo ni rahisi kuhesabu. Kanieneo ni kani kugawanywa kwa eneo. Gari la nyutoni 20,000 lenye matairi ya kanieneo cha kilopaskali 200 hukanyaga ardhi kwa eneo la mita ya mraba 0.1 kwa jumla, ukiacha ugumu wa mpira wenyewe. Kanieneo kikipunguzwa hata 100, eneo hukaribia mita ya mraba 0.2, na mchanga hubanwa kwa nusu ya kanieneo cha awali. Gari huelea mahali ambapo lilikuwa likizama. Zaidi ya hayo, mchanga wenye unyevu kidogo huwa mgumu kuliko mkavu, kama ajuavyo kila mtoto aliyecheza ufukoni.

Udongo wa mfinyanzi hufuata desturi nyingine. Punje zake ni vibamba vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, na maji yakiingia kati yake vibamba huteleza kimoja juu ya kingine. Maji ambayo huufunga mchanga huufungua mfinyanzi. Tena tope hujaza vijia vya tairi mpaka tairi likawa laini kama gogo lililochubuliwa. Tope likiwa jembamba na chini yake pakiwa na jiwe au changarawe, kama ilivyo sehemu nyingi za juu ya vilima hivi, tairi jembamba lenye upepo wa kutosha hulipasua na kufika palipo pagumu, hali tairi pana huelea juu ya utelezi. Bondeni, penye tope lisilo na mwisho, shauri hugeuka tena, na dereva wa busara hushuka kwanza akajaribu kwa mti.

Watu huogopa kupanda. Lakini walioishi na magari huogopa zaidi kushuka. Gari la kilogramu 2,000 likishuka mita 200 za wima hupoteza nishati ya mahali ya jouli 4,000,000. Nishati hiyo haiwezi kutoweka, na kama gari halitakiwi kupata kasi, lazima yote igeuke joto. Jouli hizo zatosha kuchemsha lita 12 hivi za maji yaliyokuwa na joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Zikiachiwa breki peke yake, na breki zikiwa na kilogramu 40 za chuma, chuma hicho kingepanda joto kwa zaidi ya nyuzi 200, kama hakuna upepo wa kukipoza. Breki za moto namna hiyo hupoteza mshiko wake pale hasa zinapohitajiwa.

Kwa hiyo dereva hushuka katika gia ile ile ndogo aliyopandia, akaondoa mguu kwenye mafuta, na kuwaacha magurudumu waizungushe injini badala ya injini kuyazungusha magurudumu. Kuvuta hewa, kuisukuma, na msuguano wa pistoni hula nishati, na joto lake hutoka kwa rejeta, chombo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Anayeweka gia huru ili kuokoa mafuta anaokoa vijiko vichache kwa kuweka rehani uhai wa abiria. Katika Omani, nchi yenye wasemaji wengi wa Kiswahili, barabara ya kupanda Jabal Akhdar kutoka Birkat al-Mawz ina kituo cha polisi ambacho kimekuwa kikiruhusu magari yenye nguvu katika magurudumu yote manne peke yake. Barabara yenyewe ina lami nzuri, wala hakuna matope. Lakini mshuko ni wa zaidi ya mita 1,000, mara tano na zaidi ya hesabu ya hapo juu, na magari yenye gia ndogo ndiyo yawezayo kushuka bila kuchoma breki.

Hatari iliyobaki ni ya ubavu. Njia ikatayo kilima kwa upande hulilaza gari, na gari hupinduka pale mstari wa wima upitao kitovu cha uzito unapotoka nje ya tairi la upande wa chini. Ikiwa magurudumu yametengana mita 1.3 na kitovu cha uzito kiko mita 0.75 juu ya ardhi, gari lililosimama laweza kuinama kiasi cha nyuzi 41 kabla ya kupinduka. Yakiwekwa mafungu ya ndizi na abiria juu ya keria hata kitovu kikapanda mita 1.1, pembe hiyo hushuka kufikia nyuzi 31. Kwa gari liendalo, lirukalo juu ya mawe, pembe halisi ni ndogo zaidi. Nyuzi kumi zilizopotea hazionekani kwa macho ya apakiaye.

Njia nayo huumia. Gurudumu linalozunguka bure hufukua mfereji, mvua ya jioni hufuata mfereji huo, na baada ya misimu michache mfereji huwa korongo ambalo hata gari lililolianzisha haliwezi kulivuka. Udongo wa rweya ni mwembamba, na majani yake ndiyo yaushikayo. Madereva wakikwepa korongo kwa kupita pembeni, kilima kimoja hupata njia tatu mahali pa moja. Mtaro wa kando na vikingamaji vya mawe vilivyowekwa kwa mshazari hufanya kazi kubwa kuliko injini yo yote, kwa gharama ya majembe. Inasikitisha kwamba fedha hupatikana upesi kwa gari kuliko kwa mtaro.

Jaribio lifuatalo laweza kufanywa katika shule yo yote. Chukueni ubao wa urefu wa mita moja, kipande cha mpira wa tairi kuukuu kilichopigiliwa chini ya kigogo kidogo, na kipimapembe. Pakeni ubao udongo wa njia ya karibu na shule, ukauke. Wekeni kigogo juu, inueni ncha moja ya ubao polepole, na mwandike pembe ambayo kigogo kinaanza kuteleza. Tanjenti ya pembe hiyo ndiyo kizigeu cha msuguano. Kisha nyunyizeni maji kidogo na kurudia, halafu maji zaidi, mkichora grafu ya kizigeu dhidi ya maji. Mwisho, fungeni jiwe juu ya kigogo na mpime tena katika udongo mkavu. Wengi watatazamia pembe ibadilike, kwa kuwa wamesikia madereva wa malori wakisema gari lenye mzigo hupanda vizuri kuliko tupu. Pembe itabaki karibu ile ile. Hata hivyo madereva hawasemi uongo: mzigo wa lori hukaa juu ya ekseli ya nyuma, iliyo peke yake yenye nguvu, na darasa liachiwe kuonyesha kwa hesabu ni kwa nini jambo hilo hulisaidia lori, wala halilisaidii gari la magurudumu manne.